Jumapili Mwalimu Alipoacha Chapati

Siku tulipomzika Mwalimu, waliosimama kumsifu walikuwa wengi, na karibu wote ni wafamasia aliowafundisha chuoni. Mimi sikusoma chuo. Nilikuwa mmoja wa akina mama watano tuliogawa dawa kila Jumamosi katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa, katika mtaa wa mabanda wa Gatwekera, miaka ile ya tisini. Yeye ndiye aliyetufundisha, kwa uvumilivu ambao Mungu huwapa wachache.

Jambo moja tu lilimkasirisha: mtu kugawanya dozi. "Dozi si ugali," alizoea kusema. "Haimegwi ikatosha nyumba nzima."

Jumapili nilisali Kawangware, nilikoishi. Siku moja nilikuwa nimepiga magoti, nikiwaombea wagonjwa wa jana mmoja mmoja, nikamfikia mtoto wa mama muuza omena. Hapo nikauona tena mkono wangu ukiandika kwenye bahasha ya dawa yake: vidonge vinne leo. Vinne ni vya mtu mzima. Mtoto yule alikuwa na miaka miwili, na dawa ile ya malaria ikizidi husimamisha moyo.

Nilitoka mbio hadi kwa Mwalimu, mtaa wa Satellite. Nilimkuta amejifunga leso ya mkewe, anasukuma chapati, binti zake watatu wamemzunguka. Jumapili ilikuwa yao. Hata mkuu wa chuo hakumpata siku hiyo.

"Mwalimu, nimeua mtoto wa watu."

"Bado hujui. Dawa gani?"

Nilipomwambia, alifungua leso.

"Enda, baba," mkewe akasema, "lakini zikitoka ngumu msinilaumu."

"Kwani zako hutokaga laini?" binti mkubwa akadakia. Mwalimu alikuwa tayari anatafuta funguo za gari.

Ndani ya gari lake kuukuu nilimsihi. "Sema wewe. Wewe watakuamini."

"Nitasimama na wewe. Kusema utasema mwenyewe." Kisha akaongeza: "Mimi niliwahi kwenda safari kama hii peke yangu."

Tuliacha gari barabarani, tukashuka kwa miguu hadi Gatwekera, ng'ambo ya reli. Mama yule alikuwa mlangoni anafua. Sikungoja salamu.

"Mama, jana niliandika vibaya. Niliandika vinne, na mtoto ni wa kimoja. Umempa vingapi?"

"Vinne? Yawa! Huyu kidogo hivi?" Alielekeza kidole ndani, na mtoto alikuwa ameketi kitandani anatafuna kiazi. "Nilimpa kimoja. Hivi vingine nimewekea kaka yake, yuko nyumbani kijijini na nyanya yake. Kesho natuma na basi."

Nilikaa juu ya debe. Mwalimu aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika; sikujua kama analia au anacheka.

"Mama," alisema hatimaye, "leo umetushinda. Lakini huyo wa nyumbani usimtumie hivi. Niambie umri wake, nitamtafutia dozi yake nzima."

Mama hakucheka. Alinitazama kuanzia kitambaa changu cheupe cha kichwani hadi viatu.

"Na wewe, mama kanisa. Ningefuata karatasi yako, saa hii ningekuwa naomboleza?"

"Ndiyo," nilisema.

"Basi cha leo mpe wewe. Nikikuona."

Nilisaga kidonge kwenye kijiko, nikatia sukari na maji kidogo. Mwalimu alimpakata mtoto kama alivyowapakata binti zake. Nilimtia kijiko mdomoni. Mtoto alionja ule uchungu, akautema wote kwenye sare yangu ya kanisa.

"Saga kingine," mama akasema. Safari hii alipangusa mikono, akaja kuketi kando yangu, bega kwa bega, akaishika mikono ya mtoto.

Kijiko kilipotoka kitupu, nilianza kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Ngoja kwanza," Mwalimu akasema. "Hajameza."