Mkanda wa Sita

Katika masjala ya ofisi ya ardhi, ambako majalada huingia kwa mlango na kutoka kwa miujiza, alikuwepo karani mmoja aliyeitwa Mkaguzi. Cheo hicho hakupewa na serikali. Walimpa wenzake, kwa sababu kila siku saa nne, chai inapomiminwa, alisimama kati ya rafu mbili za majalada, kikombe mkononi, akaikagua filamu aliyoitazama jana yake. Hakuna aliyewahi kumwomba. Lakini ofisi ile ilikuwa na kawaida ya kuwanyima watu walichokiomba, basi si ajabu kwamba ilitoa bure kile ambacho hakikuombwa.

Filamu za siku hizi alizichukia, na ili azichukie kwa haki alizitazama zote, mpaka majina ya wapishi wa waigizaji yanapopita kwenye kioo. Shujaa wa siku hizi, alieleza, huanguka kutoka ghorofa ya tisa, akainuka, akajipangusa bega na kuendelea na mazungumzo, ilhali yeye Mkaguzi aliteleza bafuni mwaka juzi na mpaka leo hawezi kuinama kufunga viatu. Wanawake huamka alfajiri midomo ikiwa imeshapakwa rangi. Simu ya jambazi haiishi chaji. Picha zimejaa giza kiasi kwamba alishamwita fundi wa televisheni mara mbili, na mara zote mbili fundi akamwambia kioo ni kizima, mgonjwa ni aliyeitengeneza filamu. Na mtu akifa humo usimlilie, maana atarudi sehemu ya pili akiwa amenenepa.

Lililomuudhi kupita yote ni kwamba hakuna tena mtu mwema. Polisi mwizi, daktari mwizi, mwalimu mwizi. Mwizi mwenyewe ndiye pekee mwenye huruma. "Mtoto anayetazama uchafu huu atamwiga nani?" aliuliza, na mhudumu wa ofisi, mama aliyekuwa akingoja vikombe vyake, alijibu kwamba wa kwake wanamwiga shangazi yao na hiyo ni hasara tosha.

Filamu za zamani, kwa upande mwingine, zilikuwa na watu. Mtu alianza sentensi akaimaliza. Alipoingia nyumbani mwa mwenzake alivua kofia. Akifa, alikufa moja kwa moja, na jamaa zake wakajua la kufanya. Haya Mkaguzi aliyasema kwa mamlaka ya mtu aliyekuwa ndani ya mambo. Kabla ya kuwa karani alikuwa mwonyeshaji picha kwa miaka kumi na mmoja, katika ukumbi wa sinema ambao siku hizi ni ghala la vigae vya bafuni. Yeye ndiye aliyekuwa juu, katika chumba kidogo chenye joto kali, akivisha projekta mikanda na kuichungulia dunia kupitia tundu la ukutani.

Katika filamu zote zilizopita mikononi mwake, moja aliiweka juu ya nyingine kama sheria ilivyo juu ya maoni. Aliiita Filamu ya Jaji. Ni habari ya mji wa machimbo, ambako wachimbaji wanakufa kwa sababu mwenye mgodi amebania mbao za kuzuia udongo. Kesi inafika kwa Jaji. Mwenye mgodi anakwenda ofisini kwake na mkoba, anauweka mezani, na Jaji anautazama. Kisha tunaona mahakama imefurika, na Jaji anamhukumu msimamizi wa zamu miaka ishirini. Mwisho wake Jaji ameketi kwenye ngazi za nyumba yake, peke yake, akiitazama mikono yake.

Kwa nini aliitazama mikono? Kwa sababu ni safi, alifundisha Mkaguzi. Mkoba aliukataa. Na kwa nini mwenye mgodi ameketi mahakamani mstari wa mbele huku anatabasamu? Hilo liliwahi kuulizwa na karani mmoja mgeni. Mkaguzi alimtazama kwa huruma akamweleza kwamba lile ni tabasamu la aibu, ambalo waigizaji wa leo hawawezi tena.

Haki yake apewe. Katika ofisi ile zilipita bahasha nyingi kuliko barua, na katika miaka ishirini na sita Mkaguzi hakupokea hata moja. Zilipowekwa juu ya meza yake alizisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka ukingoni, na mwenyewe alisema kwamba kila mara alimwona Jaji mbele ya macho yake. Ni jambo jema. Ubaya ni kwamba mtu akijua yeye ni msafi hupenda kuwapima wengine uchafu, na Mkaguzi alianza na wa nyumbani.

Miaka kumi na minne iliyopita, siku moja ya Jumapili, alikuwa akila chakula cha mchana kwa mdogo wake, fundi bomba. Mezani walikuwapo wake zao na mtoto wa kiume wa fundi, wa miaka kumi na mmoja. Mkaguzi alikuwa akimsimulia mtoto habari za Jaji ili zimfae maishani. Fundi bomba, ambaye aliiona filamu hiyo mara moja tu, alipokuwa mafunzoni katika mji mwingine, akasema kwa upole kwamba anavyokumbuka yeye, mkoba ule Jaji aliupokea.

Mkaguzi aliweka kijiko chini. Akasema ameionyesha filamu ile mara arobaini, kwa mikono yake, wakati mwenzake aliiona mara moja na pengine alisinzia. Fundi akasema hakusinzia. Hapo Mkaguzi akamgeukia mtoto na kumwambia maneno ambayo hayakumhitaji mtoto kabisa: "Baba yako ni mwongo. Anamchafua mtu mwema ili wote tufanane." Fundi bomba hakupandisha sauti. Alimfungulia kaka yake mlango, na tangu siku hiyo hawakuzungumza, isipokuwa mazikoni, ambako walizungumza kupitia shemeji.

Basi zikafika habari kwamba fundi bomba amestaafu, na Jumatatu anahama moja kwa moja kwenda kuishi na mwanawe, mwendo wa siku mbili kwa basi. Mke wa Mkaguzi alizileta habari hizo jikoni akikata vitunguu, na akamwambia mumewe kwamba wote wawili wanaikaribia miaka sitini na huenda hawataonana tena, basi aende akamuage mdogo wake. Mkaguzi alijibu kwamba yuko tayari kwenda wakati wowote, mara tu mdogo wake atakapokiri kwamba alidanganya. Mkewe alisema kwamba vitunguu vinamtoa machozi, na akaendelea kuvikata kwa nguvu ambayo havikuihitaji.

Jumamosi alasiri alikuja binti yao, amembebea baba yake zawadi. Alikuwa ameitafuta miezi mitatu: Filamu ya Jaji, nakala mpya, imesafishwa mikwaruzo yote, nzima tangu mwanzo. Mkaguzi alifurahi hadi akasahau kulalamika. Alivaa koti. Aliwaketisha mke na binti kwenye kochi kama wanafunzi, akafunga pazia, akawaambia watulie waone filamu ilivyokuwa enzi za watu wenye akili.

Kwa saa nzima alitangulia kila neno nusu pumzi kabla ya mwigizaji. Kisha mwenye mgodi akaweka mkoba mezani, Jaji akautazama, na Mkaguzi akasema, "Sasa, mahakamani."

Hawakwenda mahakamani. Jaji alinyoosha mkono, akaufungua mkoba, akaufunga, akauweka chini ya meza karibu na miguu yake. Wakapanga pamoja nani atolewe kafara. Msimamizi wa zamu, mtu pekee aliyekuwa ameandika barua tatu kuomba mbao, aliletwa usiku kwa Jaji akapiga magoti, na Jaji akamwambia asichafue zulia. Dakika kumi na nne nzima. Filamu ilipofika mahakamani, mwenye mgodi alikuwa pale pale mstari wa mbele, anatabasamu, na haikuwa aibu hata kidogo. Na mwishoni, kwenye ngazi, hakuna mtu mwenye macho ambaye angeweza kusema mikono ile inatazamwa kwa sababu ni safi.

Binti alisema filamu ni kali kweli, baba alikuwa na haki ya kuisifu. Baba yake alikuwa anaona kopo la bati.

Enzi zile filamu hiyo ilikuja ukumbini katika mikanda minane, kila mmoja na kopo lake. Mwenye ukumbi alitaka maonyesho manne kwa siku pale ambapo saa zilitosha matatu, kwa hiyo akaamuru mkanda wa sita ubaki ndani ya kopo. "Ni maneno matupu," alisema, "hamna hata ngumi moja." Mwonyeshaji picha aliunga wa tano na wa saba, na watazamaji walipiga makofi. Mara arobaini alilisogeza kopo lile kwa mguu ili apate pa kupita, na mara arobaini hakujiuliza ndani yake mna nini. Baadaye akasahau kwamba lilikuwapo. Kusahau si dhambi. Lakini kuapa kwa kitu ulichokikata mwenyewe, ukamwita mwongo mtu aliyekiona kizima, hilo halina jina lingine, na Mkaguzi alilijua jina lake vizuri kwa sababu alishalitumia mezani pa watu.

Alimweleza mkewe yote, akiwa bado amevaa koti. Alichosikitikia zaidi, kwa wakati huo, kilikuwa yeye mwenyewe. Alisema maisha yake yote kazini ameyajenga juu ya mtu ambaye hakuwako.

Mkewe alifungua pazia. "Zile bahasha alizikataa Jaji au ulizikataa wewe?"

"Mimi."

"Basi huyo Jaji muache alipo. Aliye hai anafunga mizigo."

Jumapili asubuhi alikwenda. Alikuta magodoro yamekunjwa, makabati yako wazi, na fundi bomba amepiga magoti sebuleni akifunga sanduku la spana kwa utepe wa gundi. Mwanawe, aliyekuja kumchukua, sasa mtu mzima mwenye ndevu, ndiye aliyemkaribisha. "Karibu, baba mkubwa," alisema, akamvutia sanduku la vyombo akae, maana viti vilikuwa vimeshaondoka.

Mkaguzi alikuwa ameandaa maneno njiani. Aliyatoa. Alisema imetoka nakala mpya ya ile filamu, sauti safi, picha safi. Alisema imebainika kwamba katika maonyesho ya hapa mjini, wakati ule, kulikuwa na upungufu fulani wa kiufundi uliosababisha tofauti za uelewa. Hivi ndivyo ofisi zinavyotubu: makosa yapo, mkosaji hayupo.

Fundi bomba alikata utepe kwa meno. "Kaka, mimi ni mtu wa mabomba. Mtu akiniambia kuna maji, namuuliza yanavuja wapi. Sema wapi."

Mkaguzi alimtazama mdogo wake, kisha akaona kwamba hakumkosea yeye peke yake. Akamgeukia kijana.

"Siku ile mezani nilikwambia baba yako ni mwongo. Hakudanganya. Aliyoyasema yalikuwa kwenye mkanda niliokuwa nao mimi, ndani ya kopo, karibu na mguu wangu, na sikuuonyesha hata siku moja. Aliyesema uongo mbele yako ni mimi."

Kijana aliokota kipande cha utepe sakafuni akakizungusha kidoleni. Akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba utotoni, kila baba yake alipomwambia jambo, kesho yake alimuuliza mwalimu kama ni kweli. Hata kwamba maji hupanda ghorofani kwa msukumo wa tangi. Aliuliza hivyo karibu miaka mitatu.

Hilo fundi bomba hakuwa analijua. Alikaa chini kabisa, mgongo kwenye ukuta uliobaki na alama za fremu za picha, spana moja mkononi.

"Sasa huko kwenye huo mkanda," kijana aliuliza mwishowe, "kulikuwa na nini?"

Kwa mazoea alimtazama baba yake mkubwa, kama walivyofanya watu wote kila filamu ilipotajwa. Mkaguzi alikuwa ameshavuta pumzi. Aliishusha.

"Muulize baba yako," alisema. "Yeye ndiye aliyeuona."

Fundi bomba alikohoa akaanza. Alianzia katikati. Alimpa Jaji ndevu ambazo hakuwa nazo, mgodi wa shaba akaufanya wa dhahabu, barua tatu zikawa mbili, na mvua ya mwanzoni, ambayo bila hiyo filamu nzima haina roho, hakuitaja kabisa. Kijana alikuwa ameinama mbele anasikiliza, mdomo wazi kidogo. Mkaguzi alishika kingo za sanduku la vyombo kwa mikono yote miwili na hakusahihisha neno.