Mzee Niliyemwita Kichaa

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye usaili wa kazi ya uuguzi wa afya ya akili, katika hospitali moja ya huku ziwani. Mimi ni nesi wa zahanati ya gereza, mwenyeji wa Matiri, mbali na ziwa, na siku hiyo nilijiona daktari bingwa.

"Kuuguza wafungwa nako ni uzoefu wa wagonjwa wa akili?" aliuliza matroni wa hospitali, aliyeongoza usaili.

"Sana, mama! Nina mfungwa mmoja mzee, Mnyasa wa huku huku ziwani, Kiswahili hajui. Kutwa anashika kichwa, anayumba, anarudia maneno yale yale. Nikajua huyu kichaa. Nampa dawa za usingizi, anatulia."

"Maneno gani?"

Kinyasa sikijui, ila kuigiza watu naweza. Nikasimama, nikashika kichwa, nikayumba na kutamka kama mzee anavyotamka. Wajumbe wengine wawili wa usaili wakaangua kicheko. Matroni, mzaliwa wa kando ya ziwa, alivua miwani akanitazama.

"Mwanangu," alisema polepole, "huyo mzee anakwambia sikio linamuuma."

Nilibaki nimesimama mbele yao, mkono bado kichwani. Asubuhi ile ile, kabla ya kuondoka, nilikuwa nimemwongezea dozi.