Nesi wa Nyumba ya Mizuka

Njeri alikuwa nesi Nyahururu kwa miaka kumi na minne. Alipofika London akaambiwa afanye mtihani wa Kiingereza kwanza ndipo asajiliwe, na mara mbili umemwangusha kwenye kuandika. Siku hizi ni keya, yaani mtunzaji, katika nyumba ya wazee, anaandika ripoti zao kila siku, na sijasikia mzee aliyekufa kwa sababu ya sarufi. Tunakaa nyumba moja mtaa wa Peckham, kwa hiyo nasema ninalolijua.

Oktoba iliyopita bustani moja ya burudani nje ya mji ilitafuta watu wa kutisha wageni wakati wa Halloween, sikukuu ambayo Wazungu hulipa kiingilio ili waogopeshwe. Walikuwa wamejibunia nyumba mpya ya mizuka: wodi ya hospitali ambamo kila mtu alishakufa. Njeri akachaguliwa kuwa nesi. Akapewa gauni la bluu, saa ya kifuani inayokwenda kweli, na damu ya chupa, akanitumia picha. Nilicheka, kisha nikaacha, maana alikuwa anatabasamu kwa furaha. Miaka mitano Uingereza, na waliokubali kumvisha sare ya nesi ni watu wa mizuka.

Ila hakuwa anatisha. Kuchomoka nyuma ya pazia aliweza, kupiga mayowe aliweza, lakini mgeni akiruka na kujigonga, mzuka humwambia, "Pole." Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akijikwaa mbele yetu tunampa pole, hata kama tuliomsukuma ni sisi. Wageni wakalalamika. Msimamizi wake, Tony, akamwonya kwa upole kwamba akisikia pole nyingine atampeleka kuuza chipsi. Njeri hakuogopa chipsi. Aliogopa kuivua ile sare.

Jumamosi moja mchana akaingia Alka, bibi wa Kihindi wa mtaa wa Tooting, mzaliwa wa Kisumu, ameletwa na wajukuu. Njeri akachomoka, bibi akaanguka kimya. Tony alikuwa pale pale mlangoni, lakini Njeri hakumkumbuka. Alipiga magoti, akamlegeza bibi nguo shingoni, akamwinua miguu, akamshika mkono na kuhesabu mapigo kwa ile saa. "Pole, mama. Pole sana. Pumua." Wajukuu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Bibi alifumbua macho, akamtazama yule nesi aliyelowa damu.

"Nimekufa?" akauliza kwa Kiswahili.

"Bado, mama."

"Afadhali. Nilikuwa nashangaa, kumbe hata huku manesi ni Wakenya."

Watu wa ambulensi walipofika walimpima bibi, wakasema amehudumiwa vizuri, wakamuuliza Njeri yuko hospitali gani. Chipsi zikasahaulika. Tony, mwenye fahari kuliko wote, akaleta fomu ya ajali. Penye kazi ya aliyetoa huduma, Njeri akasema nesi. Tony akaomba namba ya usajili. Hana. Tony si mtu mbaya, ila fomu ni fomu, na pale hapakutakiwa kuachwa wazi. Akafungua mkataba wa Njeri, akatazama cheo chake, akaandika: mzuka.

Mimi ningeichana karatasi ile, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Njeri aliisoma yote, akatia sahihi, akarudi nyuma ya pazia.