Dalili Tisa Nilizoziokota Mtandaoni

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wengine: mimi, mwalimu wa ushauri nasaha wa sekondari hapa Kibondo, niliwahi kusimama mbele ya ukumbi mzima wa walimu kule Kasulu nikawafundisha maneno ya mwuza dawa za mapenzi. Chekeni, malizeni kabisa, halafu mnisikilize, kwa sababu huko mbele hakuchekeshi.

Mkuu wetu wa shule alinipa wiki mbili niandae mada ya afya ya akili ya wanafunzi kwa ajili ya semina, na mimi (mnanijua) siku kumi na mbili nzima nikawa nasema kesho. Siyo kwamba sikuelekezwa. Nilimwuliza Sista Ansila, yule nesi wa hospitali, habari za kuaminika nitazipata wapi, akanitajia kurasa kadhaa na kunionya taratibu: "Mwalimu, usibebe cha kwanza kinachotokea. Angalia kaandika nani, kasomea nini, kayatoa wapi, na ushuke mpaka chini kabisa uone kama kuna kitu anakuuzia." Nikawa naitikia ndiyo sista, ndiyo sista, kama mtu anayeandika, wakati hata kalamu sikuwa nayo.

Siku ya kumi na tatu ndiyo nikashika simu. Zile kurasa za sista zilikuwa za Kiingereza kigumu, ndefu, na mtandao wenyewe unasuasua, mara ukatokea ukurasa wa Kiswahili kitamu, una picha ya mwanaume aliyevaa koti jeupe na kipimo cha daktari shingoni, umeandikwa juu: "Dalili Tisa za Mwanafunzi Ambaye Akili Yake Inaanza Kuhama." Zimepangwa moja mpaka tisa! Anakaa peke yake, hamalizi chakula, analia bila kupigwa, na kadhalika na kadhalika. Nikajisemea, ya nini kuhangaika? Nikanakili zote bila kushuka chini (kidole tu, jamani, kidole kimoja kingeniokoa), nikaweka jina langu juu, na semina ilipoahirishwa kwa wiki moja kiherehere kikanipanda nikairusha karatasi ile kwenye kundi la wasap la wazazi. Wazazi wakashukuru sana. Nikavimba kichwa.

Siku ya semina nilivaa suti yangu ya kitenge, nikasoma dalili moja baada ya nyingine, walimu wanaandika, na mimi naona kabisa mwakani nitaitwa hata mkoani. Ndipo akanyoosha mkono Papa Espoir, Mkongo mmoja mtu mzima anayewashauri vijana kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

"Madamu, mutanisamehe. Hizi habari mulizitosha wapi?"

"Nilizitoa kwa daktari bingwa," nikajibu.

"Dokta gani, madamu?"

Hapo ningesema sijui nikakaa, aibu ingekuwa ndogo. Lakini mimi nikasema subirini niwaoneshe, nikaufungua ule ukurasa kwenye kompyuta ya ukumbini, ukatokea ukutani mkubwa kama mlango wa kanisa. Mwenyekiti akasema, "Shuka chini tuone jina." Nikashuka. Chini alikuwa yule yule wa koti jeupe, safari hii kashika chupa: dawa ya akili za wanafunzi, dawa ya kufaulu mtihani, dawa ya kumrudisha mpenzi aliyekimbia, zote zinapatikana kwake.

Ukumbi ulilipuka. Mwalimu mmoja wa Buhigwe akapaza sauti, "Mwalimu, hiyo ya mpenzi hujabeba hata chupa moja?" Nikacheka na mimi, kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Papa Espoir peke yake hakucheka. Na mkuu wangu wa shule, kwa kutaka kuniokoa, akasimama akasema, "Ndugu zangu, msimvunje moyo mwalimu wetu, karatasi hii tumeshawapa wazazi wote!"

Kicheko kikakatika pale pale.

"Wazazi?" akauliza Papa Espoir. "Basi madamu, urudie kwenu mbio."

Nikiwa kwenye basi nikaandika ujumbe wa kuwaomba wazazi radhi, nikaufuta, nikaandika tena, nikautuma. Kesho yake alasiri Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu.

"Mwidiwe, mwalimu," akanisalimu Kiha chetu, kwa upole ulionitisha. "Ujumbe wako wa jana nimeuona. Umechelewa."

Neema alikuwa kidato cha tatu, kafiwa na baba yake wakati wa kuvuna mahindi, na tangu hapo halali, hali, analia. Mama yake alipopata karatasi yangu akamhesabia mtoto dalili, akakuta saba. Akamtoa shule, akampeleka kwa mganga mbele ya Busunzu, mtoto akanyolewa nywele na kunyweshwa mizizi siku nne, anatapika.

"Mganga nilimsomea karatasi yako," akasema. "Akaniambia, unaona, hata mwalimu wake kathibitisha."

Neema aliporudi darasani na kichwa cheupe, wenzake (karatasi kila mzazi anayo, na hesabu ya mama yake ilishasambaa) wakambandika jina: Saba. Niliwaadhibu, lakini jina halifutwi kwa adhabu. Nikamwita maktaba kumwomba msamaha, nimejiandalia maneno mazuri kweli kweli, akayasikiliza yote kwa adabu, kisha akaniuliza:

"Mwalimu, mimi nilikuwa nakaa dawati la mbele kabisa. Mbona hukuniuliza?"

Sista Ansila ndiye aliyekuwa anakaa naye kila Ijumaa, wanaongea habari za baba yake tu, na polepole mtoto akaanza kula. Muhula ulipoisha mama yake akamhamishia kwa shangazi yake Kakonko. Siku ya kuondoka alipita ofisini akawaaga walimu mmoja mmoja kwa mkono, alipofika kwenye meza yangu akapita.

Siku hizi sinakili hata sentensi moja kabla sijajua nani kaiandika na anataka nini, na mtoto akikaa kimya darasani mwangu simu naiweka kando, namfuata kwanza. Yote hayo nimejifunza. Nimejifunzia kwa mtoto wa mtu.