Aliyepita Ukutani kwa Mwami

Asiya binti Feruzi alifika Rumonge kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa msichana mzima mwenye sindano zake mwenyewe. Siku hizo Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga kituo chao Usumbura, na kila mwanamume wa ufukwe ule aliyetaka kuonekana mtu alitaka kofia. Asiya alizishona kibarazani kwa shangazi yake Batuli, uso ukielekea majini. Kila pambo alilolitia aliliita rembo, na kila rembo lilikuwa na jina: rembo la mawimbi, rembo la jicho la ndagala, wale dagaa wa ziwa. Kirundi chake kilikuwa cha sokoni tu, salamu na bei ya samaki.

Swedi, seremala wa mitumbwi, alikuja kuagiza kofia. Kabla hajaivaa hiyo ya kwanza akarudi kuagiza ya pili, na shangazi Batuli akaelewa.

Marehemu baba yake Swedi alikuwa Mmanyema. Mama yake, Mrundi, alikuwa amerudi kwao milimani baada ya kufiwa na mumewe. Alituma neno: hatakubali mkwe ambaye hajamwona kwa macho yake. Angeshuka mara moja tu, hadi boma la zamani la mwami juu ya Kigwena, ambalo liko katikati ya njia. Msichana asipofika, kule mlimani alikuwepo mwingine, mtoto wa jirani, anayejua kukamua.

Asubuhi ya siku yenyewe askari wakaja kukusanya wapagazi, na Swedi akachukuliwa. Akiwa amekwisha kupangwa mstarini alimwambia Asiya, "Mama atakuwa kwa irembo. Umutafute pale."

"Rembo gani?"

"Irembo kubwa. Kila mutu anaijua."

Mstari ukaondoka.

Asiya akatia kikapuni kofia mpya aliyomshonea mjomba wa Swedi, kaka wa mama yake, iwe zawadi, akapanda na shangazi yake. Magoti ya Batuli yaligoma chini ya kilima. "Nenda, mwanangu. Boma la mfalme halijifichi."

Lakini lilijificha. Asiya alitazamia kuta, hata kama zimebomoka, na juu ya kuta hizo pambo kubwa la kumfahamisha kwamba amefika. Alichokiona ni miti. Mivumu mikubwa, ile ambayo watu huyaponda magome yake wakapata nguo, ilisimama duara ndani ya duara, na katikati yake nyasi na upepo. Mtu angeweza kuzunguka humo nusu siku asijue kama yuko ndani au nje. Alikata kulia, akakata kushoto, akatazama kila shina akitafuta nakshi au hata kamba ya shanga. Jua lilikuwa linapanda. Alimfikiria yule msichana wa kukamua.

"Urondera iki?"

Mzee mmoja, amejifunga nguo ya gome, alikuwa amesimama anamtazama kwa huzuni kubwa. Huyu alikuwa Ruhuna, mlinzi wa mahali pale, kama babu zake walivyokuwa.

"Amahoro, babu. Natafuta rembo."

"Irembo?"

"Ndiyo. Rembo." Akaona heri amwonyeshe. Akaitoa kofia kikapuni, akapitisha kidole juu ya mshono. "Rembo. Kama hii."

Ruhuna akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akainusa, akaivaa. "Murakoze," akashukuru, na macho yake yakalowa kidogo. Kisha akageuka akaondoka.

"Babu, hapana. Hiyo iko ya mutu."

Mzee hakusikia, au alisikia shukrani. Asiya akakata katikati ya miti miwili ili amzuie mbele. Ruhuna akasimama, akafumba macho. Kiswahili chake kilikuwa kidogo kama Kirundi cha Asiya, ila alikitoa chote.

"Wewe iko mu ukuta."

"Ukuta uko wapi?"

"Wewe imesimama ndani yake." Akanyoosha mkono, akafuata duara la miti kwa kiganja. "Hii fito. Fito ya mwami. Babu ya babu alichomeka, ikaota, ikakuwa. Ukuta. Sasa wewe imetoka mu nyumba ya kulala ya mwami, imepita mu ukuta, bila hodi."

Asiya akatazama mashina yale. Polepole yakamjia: ua uliokataa kufa. Watu walikuwa wameondoka, nyumba za nyasi zimeoza, ng'ombe wamekwisha, na fito za ua zikaota mizizi zikaendelea kulinda hewa tupu. Akarudi nyuma alikotoka, akazunguka mpaka kwenye mwanya ambao mzee alimwonyesha kwa kidole, akasema, "Hodi."

"Karibu," akasema Ruhuna, ameridhika.

Tangu hapo Asiya alimfuata mlango kwa mlango, jicho likiwa kwenye kofia. Mzee hakuacha kitu. Hapa ng'ombe. Hapa ngoma, usikohoe. Hapa maziwa. Kila mara palikuwa na nyasi tu, na kila mara Asiya aliinamisha kichwa kama aliyeona.

"Babu, na kofia?"

"Nzuri sana," akasema Ruhuna. Kisha akaonyesha mivumu miwili mipana kuliko yote, na njia ikitoka katikati yake. "Ule mulango ya nje. Mukubwa. Irembo."

Asiya alisimama palepale. Irembo lilikuwa lango. Akamsahau mzee na kofia yake, akakimbia, ila alikimbia kwa kufuata milango.

Nje ya lango mwanamke mrefu alikuwa ameinuka aondoke, kibuyu cha maziwa kichwani, mgongo ukielekea ziwani.

"Mama Swedi. Shikamoo. Ni mimi Asiya."

Mwanamke akageuka. Kiswahili cha ufukweni hakikuwa kimemtoka. "Mimi naangalia njia ya ziwa tangu asubuhi, wewe unatokea ndani kwa mwami. Ulifuata nini?"

"Nilipotea, mama. Swedi amechukuliwa upagazi asubuhi, nikaja peke yangu, nikapita ukutani."

"Na huyu Ruhuna amevaa nini?"

"Kofia ya mjomba wake Swedi. Nilikuja nayo kama zawadi. Ameichukua, nimeshindwa kumunyang'anya."

Mama Swedi alimtazama Ruhuna aliyekuwa anakuja taratibu, shingo wima, akijali asije akaidondosha. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alilazimika kukishusha kibuyu kwa kicheko. Akaketi, akamimina maziwa, akampa Asiya.

"Kunywa. Halafu utashona ingine, uilete mwenyewe nyumbani kwangu, kule mulimani, Swedi akirudi, naye akiwa nyuma yako. Ila kaka yangu ana kichwa kikubwa kuliko huyu. Kiko hivi." Akafanya duara kwa mikono.

Asiya akafuta maziwa mdomoni, akang'oa unyasi mrefu.

"Rudia, mama," akasema, "nipime."