Mama Yangu Ndani ya Samosa

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili asitokee mtu akatarajia ushujaa wowote kutoka kwangu. Naogopa stima ikianza kumetameta, naogopa mbwa wa jirani ambaye hata meno hana, na niliiogopa ile trela tangu siku mume wangu alipoingia nayo mtaani kwetu Kaloleni, Nairobi, ameifunga nyuma ya pikapu ya kuazima, akipiga honi kama bwana harusi.

Mume wangu ni dereva wa watalii. Trela ile ilikuwa ya wazee wawili wageni waliokuwa wakizunguka nchi nayo, yeye akiwa mwenyeji wao wa njia. Walipochoka na vumbi na kuamua kurudi kwao kwa ndege, hawakuwa na pa kuipeleka, wakamwachia. Ikikunjwa ni sanduku pana lenye magurudumu mawili, halizidi kiuno cha mtu mzima. Ukitaka nyumba, unafungua makomeo, unasukuma kipande kimoja cha paa kinapanda, unasukuma cha pili, vinakutana juu na kushikana. Kufumba na kufumbua una kibanda cha pembetatu chenye mlango, madirisha mawili ya plastiki, sinki dogo na kitanda cha watu wawili.

Mtaa wote ulitoka kuitazama. Vijana wanaoshinda kwenye ukuta wa ukumbi wa mtaa waliibatiza jina kabla hata haijakunjwa tena.

"Niaje mathe," mmoja aliniambia. "Hii samosa yenu inabeba watu wangapi?"

"Upepo ukishika hii, maze, mtaamkia Makadara," mwingine akaongeza, na wote wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria upepo huo.

Mume wangu aliisifu asubuhi na jioni. Kuta zake ni ngumu, si kitambaa, kwa hivyo nyani hawezi kuipasua. Gari dogo linaivuta bila kulalamika. Ukiikunja unaisukuma pembeni ya nyumba, unaifunika turubai, na jirani haoni chochote cha kuulizia. Nami nilikuwa na orodha yangu. Ukisimama popote isipokuwa katikati, unagonga kichwa. Choo hakuna. Mvua ikinyesha kwa mshazari maji yanapita pale vipande viwili vya paa vinapokutana. Baya kuliko yote, kitu kinachoinuka kwa kusukumwa kinaweza kuanguka kwa kusukumwa, na mimi sikutaka kuwa chini yake. Tulikwenda nayo mara moja tu, Naivasha. Usiku kucha nilishikilia ukuta kwa mkono nikisikiliza viboko, naye akikoroma.

Basi ikakaa chini ya turubai mpaka mama yangu alipougua.

Mama alikuwa na kidonda mguuni, cha sukari, kilichokataa kupona. Daktari wa kule kwetu Uluhyani alimwandikia aje Nairobi kisafishwe kila baada ya siku mbili, kwa wiki kadhaa. Alikubali kila kitu isipokuwa kimoja: kulala ndani ya nyumba yangu. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hampi mkono, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja. Ni heshima, na ni heshima nzito. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yetu, mume wangu na mama walikuwa wamezungumza wakiwa wamepeana migongo, kila mmoja akiusemesha ukuta wake.

"Nitalala kwa jirani," mama alisema kwa simu. "Au kanisani. Wana mabenchi."

Mwanamke wa umri wake, na mguu uliooza, kwenye benchi la kanisa! Nilikata simu nikalia. Mume wangu alisimama mlangoni akinisikiliza, halafu akatoka. Nilimsikia akivuta turubai.

Sitasahau alivyofanya kazi wikendi ile. Aliiinua Samosa kwenye nyasi kati ya nyumba yetu na ya jirani, akaifunga kwa kamba na vigingi pande zote kwa ajili ya upepo wangu. Akaenda soko la Gikomba akarudi na mablanketi. Akanunua silikoni, akaziba kila mwanya: pale juu vipande vinapokutana, kwenye bawaba, kuzunguka madirisha, hata vitundu viwili vya juu ambavyo alidhani ndivyo vinavyoingiza maji. "Sasa hata tone halipiti," alisema, mikono yake imeganda gundi. Kisha akachora mstari kwa kisigino hatua chache kutoka mlangoni na kusema kuwa yeye hatauvuka mama akiwa mle. Si nyumba yake tena, ni ya mama.

Mama alifika, akaizunguka kwa fimbo yake, akaingia, akaketi kitandani, akasema, "Hii ni nzuri kuliko ya askofu." Alikuwa mnene, mama yangu, na alikijaza kile kibanda kama unga kwenye gunia. Nilimwonyesha komeo la ndani. Nilimwambia mara tatu nne kwa siku kwamba huku si kijijini, kuna watu wanaopita usiku wakijaribu milango, afunge na asimfungulie mtu ila mimi. Nilimtia woga wangu wote. Alifunga kila jioni, nami kutoka dirisha la jikoni nilisikia komeo likilia, ndipo nikaweza kulala.

Ilikuwa Julai. Anayeijua Nairobi anajua baridi ya Julai, ile isiyo na mvua wala jua, inayokaa tu kama mgeni asiyeaga. Mama alilalamika miguu. Nilimwongezea soksi, nikamwekea chupa ya maji moto. Hakuniambia kwamba hayo yote hayakutosha. Kwao alizoea kulala jikoni msimu wa baridi, moto ukifukuta katikati hadi asubuhi, na hakuna aliyewahi kudhurika, kwa sababu jikoni kwao kuna paa la nyasi na ukuta unaopumua kila mahali. Jioni moja, baada ya mimi kupika maharagwe barazani na kuliacha jiko la makaa lipoe lenyewe, alingoja tukazima taa. Akatoka na fimbo yake, akalichukua jiko likiwa na makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo, akaliingiza ndani, akaliweka karibu na kitanda. Akafunga komeo.

Asubuhi nilimpelekea chai. "Mama, hodi." Redio yake ndogo ilikuwa ikisema ndani, mhubiri wa Kiluhya akiendelea na mambo yake. Nikajua ameamka, anasikiliza neno, hataki kukatizwa. Nikarudi jikoni. Nikafunika kikombe kwa kisahani, nikaosha vyombo. Naona aibu kusema jinsi nilivyokuwa nimetulia.

Niliporudi, mhubiri alikuwa amemaliza na redio inapiga matangazo ya mbegu. Mama hakuwahi kusikiliza matangazo maishani mwake. Nilibisha. Nilibisha kwa ngumi. Niliweka uso kwenye dirisha la plastiki, lakini lilikuwa limejaa ukungu kwa ndani, matone yakiteremka, na nilichoona ni rangi ya blanketi tu. Blanketi halikusogea. Nilijaribu kupiga kelele na sauti haikutoka. Ilitoka mara ya pili, na nadhani ilifika Pumwani.

Mume wangu alikuja mbio na shati mkononi. Akafika kwenye ule mstari. Akasimama.

Naapa alisimama. Aligeuza uso pembeni, kama alivyozoea kufanya kila alipopita pale, akasema, "Waite akina mama. Waite wanawake waingie." Mama yangu yuko mle anakufa, na huyu mwanamume anaangalia ukuta! Nilimchukia kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia neno ambalo siwezi kuliandika.

Alivuka mstari. Alichukua spana ya magurudumu chini ya trela, akalipiga dirisha likapasuka, akaingiza mkono hadi begani, akalitafuta komeo kwa vidole. Mlango ulipofunguka, joto lilitupiga usoni, joto zito lisilo na harufu yoyote. Niliingia mimi kwanza. Mama alikuwa chali, mdomo wazi, mashavu yamekuwa mekundu vizuri, kama mtu mwenye afya, na wekundu ule ndio ulionitisha kuliko kitu kingine. Nilimshika kwapani nikavuta. Hakusogea. Niligonga kichwa kwenye paa, nikavuta tena, na kichwa changu mwenyewe kikaanza kuzunguka. Kila kitu katika kile kibanda kilikuwa kimeinama juu yangu.

Nilisikia mume wangu akinivuta kwa kiuno na kunitoa nje. Kisha akaingia yeye. Alimbeba mama mkwe wake mikononi, kama mtoto, gauni la kulalia limepanda juu ya magoti, kichwa chake kimelala kifuani mwa mkwewe, akatoka naye akiwa amepinda mgongo ili paa lisimguse mama. Akamlaza kwenye nyasi. Halafu akarudi nyuma, akatugeuzia mgongo.

Nilimfunika mama kwa leso yangu. Jirani, mama mmoja mfanyabiashara wa mboga kutoka upande wa Nyeri, alikuja na maziwa na gazeti, akampepea huku akimtukana kwa mapenzi. "Amka, nyanya! Amka wewe! Nani alikuambia ufie kwetu?" Vijana wa ukutani hawakufanya mzaha wowote siku hiyo. Mmoja alileta gari la mjomba wake hadi mlangoni, likipita juu ya maua ya watu. Mama alipumua, akanyamaza, akapumua. Katikati ya kila pumzi na nyingine nilikufa mimi.

Hospitali walimwekea hewa ya mtungi. Daktari, binti mdogo aliyechoka, alituambia kwamba kila Julai huwapata watu waliovuta sumu ya makaa, na kwamba wengi wao hufika wakiwa wamechelewa. Aliuliza kama chumba kilikuwa na tundu la hewa. Mume wangu aliitazama mikono yake. Nami nilikuwa nikifikiria lile komeo. Nilitaka kumwambia daktari kwamba hatukuwa wazembe, tulichunga mvua na tukachunga wezi, naye mama akachunga baridi. Lakini nilijua ingesikika vipi.

Mchana mama alifungua macho. Alitapika, akaomba maji, akauliza ni hospitali gani. Nilipoona akili yake imerudi, woga mwingine ukanishika, mdogo kuliko ule wa kwanza lakini wenye meno. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa wodi, mgongo wake kwetu, anaangalia korido. Nilijua mama atauliza. Nilimjua pia mama yangu: mwanamke aliyekataa kitanda changu kwa ajili ya benchi. Akijua ameshikwa na mkwewe akiwa nusu uchi mbele ya mtaa mzima, angetaka kuteremka kitandani saa ile ile aende stendi ya basi na mguu wake, na asikanyage tena kwangu mpaka kufa. Nilianza kupanga uongo. Ningesema ni jirani. Ningesema ni vijana.

"Nani alinitoa?" mama akauliza.

Nilifungua mdomo, na kabla sijasema, sauti ikatoka mlangoni, ikiusemesha ukuta wa korido.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Mama aliangalia dari. Mkono wake ulitafuta ncha ya leso, ukaivuta hadi shingoni, ukabaki pale. Nilimshika mkono huo, ulikuwa baridi. Nilisubiri anifukuze.

"Geuka," akasema.

Mume wangu hakusogea.

"Nimesema geuka. Umenibeba, sasa unanificha uso?"

Aligeuka taratibu, macho yakiwa chini. Mama alijiinua kidogo kwenye mto, akamtazama. Alimtazama muda mrefu, bila haya, kama mtu anayekagua nguo kabla ya kuinunua, kutoka kwenye nywele hadi kidevuni.

"Kumbe una kovu hapo kwenye nyusi," mama akasema. "Na umekonda. Huyu binti yangu hakupikii?"

Mume wangu akainua macho, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Vuta kiti," mama akamwambia. "Njoo ukae karibu, mwanangu."