Kitanda Kisichopita Mlangoni

Mama Randa alikuwa seremala kabla hajawa mama wa mtu, na alipokuja kuwa mkwe wa mtu aliendelea kuwa seremala tu. Akikutazama usoni, anatafuta fundo. Akikaribishwa kiti, kwanza anakitikisa kama daktari anayebonyeza tumbo, kisha anakaa huku amesikitika. Mikono yake ilinuka vanishi hata baada ya sabuni tatu, na kwenye nywele zake hapakukosekana kipande cha maranda kilichojikunja, ambacho watu wasiomjua walidhani ni pambo.

Mke wa mwanawe alikuwa mchora ramani za majengo katika ofisi ya wahandisi, ghorofa ya tatu, meza ya dirishani. Mama Randa alimbatiza jina la Rula siku ya kwanza kabisa, kwa sababu alimkuta anapima kwa macho upana wa ngazi wakati watu wazima wanasalimiana. Jina likaganda. Mume wa Rula alikuwa mwalimu wa jiografia. Alijua kila mto mrefu wa dunia unaishia wapi, ila nyumbani kwake, mama na mke wakianza, hakujua asimame wapi.

Sasa Rula alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, na dunia nzima ilikuwa imelainika. Ofisini, kuta alizozichora zilianza kupinda zenyewe. Siku moja alichora mlango, akasinzia, akaamka akakuta ameuwekea mlango kitovu. Mhandisi mkuu aliutazama, akakohoa, akasema, “Dada, nenda kapumzike tu. Hili jengo ni la benki.”

Kabla ya kuondoka alichora kitu kimoja cha mwisho, kwa kipimo cha moja kwa kumi. Kilikuwa kitanda cha mtoto, kidogo, chenye pande tatu. Upande wa nne aliuacha wazi ili kibanwe kwenye kitanda chake mwenyewe, godoro kwa godoro. Hilo ndilo alilotaka. Hakuwa na haja ya mapazia ya nyota wala kabati lenye picha za twiga. Alitaka afumbue macho saa yoyote ile na asikie kwamba mtoto anapumua, bila kuinuka, bila kuwasha taa.

Mama Randa aliushika mchoro ule kwa ncha za vidole, kama risiti ya mtu mwingine.

“Upande wa nne umeliwa na nini?”

“Umeachwa, Mama. Makusudi.”

“Hili ni hori, mwanangu. Hapa unaweka majani, mbuzi anakuja mwenyewe.”

“Nataka alale karibu nami.”

“Kwani hatakuwa karibu? Chumba chake si hiki hapa, ukuta kwa ukuta. Ukipiga chafya anakwambia pole.”

“Ukuta ni mbali.”

“Ukuta wa tofali moja!”

“Mama, miezi yote hii yupo ndani ya ngozi yangu. Siku ya kwanza tu nimhamishie mtaa wa pili?”

Mama Randa aliukunja mchoro mara nne, akautia kwenye mfuko wa koti la kazi, pale penye penseli na makombo ya biskuti. “Nitakutengenezea kitanda,” alisema. Alisema kwa upole mno, na huo upole ndio uliopaswa kumshtua mtu. Lakini Rula alikuwa keshasinzia kwenye kochi, mdomo wazi kidogo. Mwalimu wa jiografia aliyasikia yote akiwa jikoni, akiosha kikombe kimoja kwa dakika kumi na mbili.

Likizo ya uzazi ilianza Jumatatu. Kila siku baada ya chakula cha mchana Rula alijilaza chumbani, dirisha wazi, pazia likivutwa nje na kurudishwa ndani na upepo usio na haraka. Usingizi wa mimba hauji kwa adabu. Unakufunika hapo hapo, na kijiko bado kiko mkononi. Jumatatu hiyo, akiwa huko ndani kabisa, alisikia shaa… shaa… kama mtu anayekunja mvua na kuipanga kabatini. Akaona ni ndoto nzuri, akaiacha iendelee.

Jumanne aliota yumo ndani ya nyumba aliyoichora mwenyewe. Kila chumba kilikuwa na joto la mwili, na sakafu ilipanda na kushuka taratibu chini ya miguu yake. Harufu ya mbao mbichi ilijaa kote. Akauliza, “Nani fundi wa hapa?” na ukuta ukajibu kwa teke dogo, ubavuni kwake. Jumatano alikuwa mti. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa mti mwenye mguu uliovimba, na mtu alikuwa anamgongagonga polepole, puu, puu, kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Haikuuma. Alipoamka aliwaza kumweleza mumewe, lakini mumewe alikuwa na homa ya ghafla ya kusahihisha madaftari.

Alhamisi aliamka mapema zaidi. Alikwenda chumba cha mtoto kutafuta taulo, akaufungua mlango, akasimama.

Kitanda kilikuwa kimejaza nusu ya chumba. Mbao nyekundu, pande nne kamili, fito arobaini zilizosuguliwa hadi zikawa mviringo kama vidole. Hakikuwa na msumari hata mmoja, wala skrubu. Kila ulimi wa mbao ulikuwa umeingia kwenye tundu lake na kushikwa na gundi, na ukipitisha kiganja hukuti mshono. Kilikuwa kizuri sana, jambo ambalo lilizidi kumuudhi. Pembeni, juu ya ndoo iliyogeuzwa, Mama Randa alikuwa anakula biskuti.

“Umeamka, mwanangu? Usikiguse hapo kwenye kona, gundi ndiyo kwanza inashika.”

“Nani amekufungulia mlango?”

“Mwenye nyumba aliniachia ufunguo.”

Mwenye nyumba alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka shuleni, chaki bado kwenye kiwiko. Alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akatazama dari.

“Mimi nilidhani ni… mshangao,” alisema.

“Nimeshangaa,” alisema Rula. “Weka mkoba chini. Shika huko. Tunakihamishia chumbani kwetu.”

Alishika huko. Mama Randa hakunyanyuka kwenye ndoo. Waliburuza kitanda hadi mlangoni kwa mbele, kikagoma. Wakakigeuza kwa ubavu, kikagoma. Wakakisimamisha wima, kwa miguu yake, kwa kichwa chake, na mwalimu akapendekeza kaskazini-mashariki, kikagoma huko pia na kuchuna rangi ya kizingiti. Rula alikwenda kuchukua tepu. Mlango, sentimita sabini. Kitanda, sabini na nane kwa upana na mia moja na kumi kwenda juu. Alipima mara ya pili kwa ajili ya heshima. Kisha akaanza kucheka, cheko la pumzi fupi, akishikilia tumbo kwa mikono miwili.

“Mama! Miaka arobaini ya useremala. Umekigandishia gundi humu ndani, na umesahau kwamba chumba kina mlango!”

Mama Randa alipangusa makombo mapajani. Hakucheka.

“Sikusahau,” alisema.

Akamnyooshea mwanawe biskuti. “Huyu alizaliwa nikiwa na chumba kimoja nyuma ya karakana. Godoro moja, maranda hadi ndani ya chai. Nilikuwa nimewatengenezea vitanda watoto wa mji mzima, wa kwangu nikamlaza kwenye droo. Droo ya chini ya kabati la mteja, lilikuwa linangoja vanishi ikauke. Majirani wakamwita mtoto wa meza.”

“Mama, hilo hujawahi kuniambia,” alisema mwalimu.

“Ungeringa.” Akaendelea kumtazama Rula. “Miezi mitatu alilala humo. Vanishi ikawa haikauki. Kila yule mteja akija namwambia, hewa ina unyevu, dada yangu, subiri kidogo. Siku moja akaja na mkokoteni. Nikamtoa mtoto, nikairudisha droo mahali pake. Wanaume wawili wakalibeba kabati, likapita mlangoni bila kugusa hata kizingiti. Nilikuwa nimelipima vizuri.” Aliigeuza biskuti mkononi. “Huyu alilia siku nne. Nikajiambia, cha mjukuu wangu hakitapita mlangoni.”

Jua la alasiri lilikuwa limeingia kwa dirisha na kupita kwenye zile fito, likachora mistari sakafuni, juu ya ndoo, juu ya viatu vya mwalimu. Rula aliona huruma, na alijua huruma ikiachiwa nafasi itamlaza mtoto mtaa wa pili.

“Sawa, Mama. Kibaki,” alisema. “Nimekuelewa. Lakini mimi nilichokuomba bado sijakipata.”

“Chumba chako kipo pale pale.”

“Hapana. Kama chenyewe hakitoki, naingia mimi.”

Akamtuma mumewe godoro la wageni. Lililetwa, likatandikwa sakafuni kando ya kitanda, na Rula akalishukia kwa hatua: goti, goti la pili, kiganja, ubavu, kama meli kubwa inayotafuta pa kuegesha. Alipofika chini alilala chali, akatazama juu. Hakuona pale ambapo mtoto angelala. Aliona chaga kutoka chini, na kwenye mbao za chaga alama za penseli ambazo mteja hatakiwi kuziona. Mishale. Namba. Na kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyeacha shule mapema: kichwa huku.

“Mama, njoo ulale hapa.”

“Mimi? Na magoti haya?”

“Njoo uone kazi yako kutoka kwangu.”

Mama Randa alishuka, akilalamika kila sentimita. Wakalala ubavu kwa ubavu, mkwe na mkwe, wakitazama juu. Mwalimu aliona hapo hapamhusu, akaenda zake. Mistari ya jua ilitembea kidogo, ikafika kwenye tumbo la Rula, na tumbo likajipindua polepole chini yake, goti au kiwiko kikipita kutoka mstari mmoja hadi mwingine.

“Huyo,” alisema Mama Randa kwa sauti ndogo.

“Huyo. Sasa mweke juu huko, kisha uniambie unamwona.”

Seremala alitazama. Alifumba jicho moja, kama anavyofanya akikagua ubao kama umenyooka. Alinyoosha mkono juu, akapima kwa shubiri kutoka kwenye godoro hadi kwenye chaga, shubiri mbili na vidole vitatu, na mkono ukakaa pale hewani, umechoka, umejaa makovu madogo.

“Ungeniambia hivi tangu mwanzo,” alisema.

“Nilikuchorea, Mama. Kwa kipimo.”

“Kwenye karatasi mtu halali.”

Aliinuka kwa awamu nne na kuita mwanawe amletee msumeno kutoka kwenye mfuko wa zana. Kisha akamwambia Rula, “Toka. Na usichungulie.” Rula alikwenda kukaa kwenye kochi, na kutoka huko alisikia msumeno ukianza, ukisita, ukianza tena. Miguu minne. Baada ya hapo upande mmoja mzima, tundu kwa tundu, pale ambapo gundi haikuwa imeshika vizuri, na kila ulimi uliotoka ulitoka na tusi lake. Mwalimu alishikilia taa ya mkono mchana kweupe, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa. Baadaye alisema hajawahi kuona mtu akikata kitu kwa unyoofu ule huku machozi yanamdondokea kidevuni. Mama Randa alisema ni vumbi.

Kitanda kilibaki kimekaa chini, pande tatu, chaga sambamba na godoro. Hakikufanana na mchoro wa Rula, na hakikufanana tena na kile cha Mama Randa. Fito za upande ule wa nne ziliegemezwa ukutani, zikawa za kuanikia nepi.

Mtoto alikuja wiki mbili baadaye, msichana, kichwa huku kama ilivyoandikwa. Kwa siku kumi Rula aliishi pale sakafuni, katika ile nchi ya maziwa na mwanga hafifu ambayo mwalimu hakuikuta kwenye atlasi yoyote, mkono wake ukiwa umepita mahali ambapo palitakiwa kuwa na fito. Akilala, alilala kama mtu aliyening'inia kwenye uzi mwembamba, na huo uzi ulikuwa pumzi. Ikienda, anazama. Ikisita, yuko macho.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, Mama Randa alipita kukagua kama gundi inashikilia. Hivyo ndivyo alivyosema. Aligusa kona moja, akasema inashikilia.

“Nenda kaoge, mwanangu. Unanuka kama jibini. Nitakaa naye.”

Rula alikwenda. Alisimama chini ya maji muda mrefu kuliko alivyokusudia, akasinzia akiwa amesimama, akaota ametandikwa shuka safi. Aliporudi na taulo kichwani, alimkuta Mama Randa amelala chali kwenye godoro, viatu miguuni, mkono umepita kwenye ule uwazi. Alikuwa anakoroma. Si mkoromo wa kibibi. Ulikuwa msumeno kwenye mti mbichi, kwenda na kurudi, hadi fito za nepi zikawa zinatetema ukutani.

Mtoto alikuwa kimya kando yake. Rula alipiga magoti, akasogeza sikio. Hakusikia kitu. Yaani alisikia kila kitu, isipokuwa kile alichokipigania.

Alifikiria kumpiga mama mkwe kiwiko. Badala yake alijiingiza katikati, kwenye nafasi ambayo kwa mara ya kwanza maishani hakuipima, akalala na nywele zake mbichi, akaweka kiganja kifuani kwa mwanawe. Kifua kikainuka. Kikashuka. Kikainuka.

Mwalimu alichungulia mlangoni. “Anapumua?” alinong'ona.

“Yupi?” alisema Rula bila kufumbua macho. “Maana huyu mkubwa, hata mtaa wa nyuma wanajua.”